Mizani ya Shilingi Kumi

Nilipokuwa mgonjwa, walinilisha.
Kila mlango wa mtaa wetu ulinijia na sufuria:
uji wa wimbi, supu ya mifupa, mukimo,
Wangeci akinisimamia kama askari wa gereza,
"Kula, Jerusha, watu wasikuone umekwisha."
Nikala. Nani angekataa?
Dawa zilininyoa nyusi, zikanivimbisha uso,
na vidonge vya miaka mitano vikaniachia
njaa isiyojua saa.

Nikapona. Wakasema: umenawiri!
Kanisani walinishika mikono minene
wakamshukuru Mungu kwa kila kilo.

Ni Sista Chepkorir, kliniki, Jumatano,
aliyenitazama juu ya miwani yake.
"Kadi inasema tisini na tatu.
Mama, mgeni tumemtoa kwa mlango wa mbele,
usimfungulie dirisha."
Hakujua kwamba ngazi zake kumi na mbili
sikuziweza bila kuketi ya nne,
nikijifanya natafuta funguo mkobani.

Basi nikaanza. Miaka sitini na minane,
raba za mjukuu, soksi mbili mbili,
alfajiri, baridi ya Nakuru ikiuma masikio,
njia ya kwenda Menengai.
Siku ya kwanza nilifika nguzo ya stima ya tatu.
Nikaishika. Nikarudi.

Titi la kushoto nililishona mwenyewe
kwa sufu ya rangi ya chai, ndani nikatia mtama.
Nikipanda mlima nalo linapanda,
likikaribia bega nasimama kulirudisha
kama mtu anayerekebisha mkufu.
Mkono wa upande huo huvimba ukining'inia,
kwa hiyo natembea nimeuinua kidogo,
kama anayeomba ruhusa ya kusema.

Nguzo ya nane. Ya kumi na tano.
Mwezi wa Saba nilifika inapoanza harufu ya mikaratusi
na mji wote ukawa chini yangu,
ziwa limelala kama kipande cha bati,
na paa la kiwanda nilikochambua maua ya pareto
nikiwa na matiti mawili na kiuno cha nyigu.

Kisha sketi ikaanza kuteleza.
Wangeci aliiona kabla yangu.
Akasema kwa sauti ile ya matangani:
"Umepungua."
Kesho yake sufuria zikaanza kurudi.

Nimkasirikie vipi? Mimi mwenyewe usiku
hupima kifundo cha mkono kwa vidole viwili,
nauliza: ni mlima unaonila, au ni yule?
Mwili ulionidanganya mara moja
sasa unaniletea habari njema,
nami naikagua mbele na nyuma
kama noti ya elfu.

Nje ya soko yuko Barasa na mizani yake,
shilingi kumi, unapewa namba.
Navua raba. Nalitoa titi la mtama, nalishika mkononi,
kisha nakumbuka mkono nao uko juu ya mizani,
nampa yeye alishike.
Hajawahi kuuliza ni nini.
"Themanini na sita," anasema,
anasubiri nifurahi.
Sijui nivae uso gani.

Sista alibonyeza kwapa, akabonyeza shingo,
akasoma karatasi za damu mara mbili, polepole,
mimi nikihesabu vigae vya sakafu.
"Ni miguu," akasema.
"Ni miguu yako tu, mama."

Hapo ndipo nilipokumbuka
kwamba kuja juu sikuketi.
Nikatoka nikaiangalie ngazi ya nne,
niione kwa mara moja kutoka upande huu.

Palikuwa na mwanamke, kichwa amekifunga leso,
mnene, anahema, mkoba wazi magotini.
"Natafuta funguo," akaniambia.

Nikashuka ngazi nane.
Nikaketi kando yake,
tukazitafuta.